Jina Nililoliandika

Gongoni,
6 Agosti 2024

Kwa mwanangu Kadii,

Hujambo mwanangu? Sisi huku tu wazima, isipokuwa hawe, bibi yako, na goti lake. Analilalamikia asubuhi, jioni ananiuliza kama nimekuandikia kwamba linauma. Basi nimekuandikia.

Barua yako ya Julai Ngowa aliileta vizuri. Alishuka kwenye lori akiwa mwekundu kwa vumbi mpaka kwenye nyusi, akanipa bahasha kabla hata hajanywa maji. Namshukuru sana. Tangu mlingoti wa simu wa huko kwenu ulipolipuliwa, na simu zenu zikafungiwa ofisini kwa mkuu wenu, nimerudi kuwa mtu wa zamani. Nanunua karatasi, naketi mezani, hawe wako ananizuia kwa maswali.

Mvua zimekwisha na mabwawa yamekauka vizuri. Tunakwangua chumvi tangu kunapopambazuka. Mabuti niliyopewa mwaka jana yamepasuka yote mawili na miguu yangu inayafuata.

Habari kubwa ya huku ni kwamba Saad wa Bi Mishi amerudi. Ndiyo, Saad yule yule mliyekua pamoja. Miaka minne tangu aage kwamba anakwenda Lamu kutafuta kazi bandarini, bila salamu wala barua, mpaka mama yake akaacha kuuliza watu. Nilikwenda kumpongeza Bi Mishi. Alilia, akacheka, akanilisha mahamri mpaka nikashindwa. Unajua tulivyo na yule mama. Mwaka ule mama yako alipotutoka, ni yeye aliyekuogesha na kukusuka nywele, nami nikashinda kwenye chumvi bila wasiwasi.

Lakini kijana amebadilika. Amekonda. Anavaa mikono mirefu katika joto hili. Hatoki, ila alfajiri kwenda msikitini, na hapiti njia kuu, anafuata kile kijia cha nyuma ya malundo ya chumvi. Juzi alinijia nikitengeneza toroli.

"Shikamoo, baba Kadii."

"Marahaba, mwanangu."

"Kadii bado yuko polisi?"

"Bado. Yuko mpakani."

"Likizo anarudi lini? Anakuja kwa barabara au anapanda ndege?"

Nikamwambia huenda mwisho wa mwezi, kwa barabara, kama kawaida. Akatazama nyuma yake, kisha akasema, "Usimwambie mtu kwamba nimeuliza." Nakwambia wewe kwa sababu wewe si mtu baki.

Chifu naye alifanya baraza wiki iliyopita. Alisema vijana waliovuka mpaka kwenda kujiunga na wale wapiganaji wakirudi wenyewe na kujisalimisha, serikali itawasamehe, na kila anayemwona mtu wa namna hiyo aripoti. Mzee mmoja akauliza, "Tukiripoti, huyo mtu tutamwona tena?" Chifu akasema hilo si swali la baraza.

Jitunze. Ukija niletee zile dawa za kuchua, za hawe wako.

Ni mimi baba yako,
Kiponda


Kambini, mpakani,
19 Agosti 2024

Kwa baba yangu mpendwa,

Shikamoo baba. Mpe hawe shikamoo yake, na umwambie goti nimelisikia. Mimi ni mzima. Nimeanza na hilo kwa sababu huenda mmesikia kwenye redio.

Tarehe kumi na moja gari letu lilikanyaga bomu kilomita tisa kutoka hapa. Lilikuwa limechukua watu watano wanaokwenda likizo. Watatu wamekufa. Mmoja ni Mwikali. Nimekutajia jina hilo mara nyingi, baba, yule wa kutoka Kitui aliyekuwa akiimba akifua. Tulilala hema moja mwaka mzima na miezi miwili. Kitanda chake bado kiko, na hakuna aliyeniambia nikiondoe.

Bomu lile lilitegwa usiku wa kuamkia safari. Siku ya kutoka haijulikani ila kwetu sisi, na bado waliijua. Mtu fulani aliuliza, na mtu mwingine akajibu. Sasa hivi kila ninayemwona kwenye kizuizi, awe na mbuzi, awe na mtoto mgongoni, nachungulia mikono yake kwanza, uso baadaye.

Barua yako niliipata siku mbili baada ya kuwapakia wale marehemu kwenye helikopta.

Baba, sikiliza. Saad akikuuliza tena habari zangu, usimjibu. Usimwambie siku, usimwambie njia. Usiende kwa Bi Mishi mara kwa mara kwa sasa. Najua ninachokuomba. Likizo zetu zimesimamishwa, kwa hiyo msiningoje mwisho wa mwezi.

Sina mengi.

Mwanao,
Kadii


Gongoni,
2 Septemba 2024

Kwa mwanangu Kadii,

Pole sana mwanangu. Pole kwa Mwikali. Hawe wako alimwombea kwa Kigiriama, maana anasema Mulungu humsikia vizuri zaidi hivyo. Tunakushukuru kwa kutuambia wewe mwenyewe kabla redio haijatuua kwa hofu. Je, unakula? Unalala?

Nakuandikia mbio, Ngowa anapita saa nane na leo ndiyo siku yake ya kurudi huko.

Saad amechukuliwa. Jumatano iliyopita, akitoka msikitini. Mfanyakazi mwenzangu aliona. Gari jeupe lisilo na namba, watu wanne wasio na sare, walikuwa wakimngoja pale pale kwenye kijia cha nyuma ya malundo. Hawakumuuliza jina. Walimvika mfuko kichwani, wakaondoka. Kandambili moja ilibaki kwenye chumvi.

Tumekwenda vituo vitatu vya polisi mimi na Bi Mishi. Kila kituo wanatufungulia daftari, wanatuonyesha, jina lake halimo. Kituo cha mwisho askari mmoja, kijana wa watu, alitusindikiza mpaka nje akasema polepole, "Mama, tafuteni wakili. Msipoteze siku." Sasa ameajiriwa wakili wa Malindi, anaitwa Pamela. Ameandika ombi la kuitaka mahakama iamuru Saad aletwe, akiwa hai au vyovyote alivyo.

Ni lazima nikwambie na hili. Bi Mishi amenieleza alichokuwa amekificha. Kijana hakwenda bandarini. Alidanganywa kazi ya meli, akajikuta ng'ambo ya mpaka, kwa wale wapiganaji, na huko alikaa miaka mitatu. Alitoroka kwa miguu. Mikono ile mirefu ilikuwa inaficha makovu. Alitaka kujisalimisha, Kadii. Alisikia habari za msamaha, lakini alisikia pia habari za waliojisalimisha wakapotea. Akamwambia mama yake, "Nitajipeleka kwa Kadii tu. Kadii akinishika mkono akanipeleka yeye, sitapotea." Ndiyo maana aliniuliza unarudi lini. Alitaka akupokee stendi ya basi pale unaposhuka, mbele za watu.

Wewe uko ndani ya hiyo kazi. Unajua milango. Uliza yuko wapi. Sijakuomba kitu tangu uvae hizo nguo, leo nakuomba.

Nashangaa nani aliwaambia kijia kile. Watu wanaokijua ni sisi wa hapa tu.

Baba yako,
Kiponda


Kambini, mpakani,
16 Septemba 2024

Kwa baba,

Shikamoo. Natumai nyote mna afya. Natumai Bi Mishi anapata usingizi, ingawa najua ni maneno tu.

Baba, ni mimi.

Barua yako ya Agosti niliisoma tarehe kumi na tatu, nimeketi kwenye kitanda cha Mwikali. Nilisoma kwamba Saad amerudi, kwamba anajificha, kwamba ameuliza siku yangu na njia yangu, kwamba amekuomba usimwambie mtu. Nilisoma mara nne. Kila mara niliona gari lile. Tarehe kumi na nne niliandika ripoti. Niliandika jina lake, na la babake marehemu, Zaid. Niliandika nyumba. Niliandika kwamba hutoka alfajiri na kwamba hupita kijia cha nyuma ya malundo ya chumvi. Sikuongeza neno. Yote yalikuwa kwenye barua yako. Mkuu akaipokea, akatia sahihi kwenye nakala yangu, akasema, "Kazi nzuri, Kadii." Usiku ule nililala kwa mara ya kwanza tangu bomu.

Sheria inasema niripoti. Mafunzo yanasema niripoti. Kesho akija mtu mwingine akiuliza njia za magari yetu, nitaripoti tena, na sitaki nikudanganye juu ya hilo. Lakini mimi nilidhani anayeripotiwa hukamatwa, akaandikwa kwenye daftari, akaulizwa, akafikishwa mahakamani. Ndivyo nilivyoapa. Sikuandika jina lake ili avikwe mfuko.

Nilimwuliza mkuu Saad yuko wapi. Hakuniangalia. Alisema taarifa ikishapanda juu si yangu tena. Nikauliza mara ya pili, mbele ya wenzangu. Akaniambia, "Wewe umepoteza rafiki hapa mwezi uliopita. Leo unamlilia nani?"

Nawalilia wote.

Sijui kama utamwambia Bi Mishi. Nakuachia. Ukiamua usiniite mwanao kwa muda, nitaelewa.

Kadii


Kambini, mpakani,
14 Oktoba 2024

Kwa baba,

Shikamoo. Hali yako? Hawe je?

Ngowa amekuja mara mbili bila bahasha. Mara ya kwanza alisema hakukukuta. Mara ya pili sikumpa nafasi ya kusema uongo, nikamuuliza, "Ulimwona?" Akasema, "Nilimwona. Alisema hana barua." Akanipa andazi alilofungiwa na mkewe, akanitazama nikila kana kwamba mimi ni mgonjwa.

Juzi tulipigiwa risasi kwenye doria. Hakuumia mtu. Nilikuwa nimelala kifudifudi nyuma ya kichuguu, na jambo nililolifikiria ni kwamba nikifa leo, barua ya mwisho uliyo nayo kutoka kwangu ni ile.

Niandikie hata matusi.

Kadii


Gongoni,
29 Oktoba 2024

Kwa mwanangu Kadii,

Wewe ni mwanangu. Hilo naliandika kwanza ili usiruke mistari kulitafuta.

Afya yangu si mbaya. Hawe wako alikuwa na homa wiki mbili, sasa anakula uji.

Sikuandika kwa sababu sikuweza. Barua yako niliisoma kwenye malundo ya chumvi, nikaikunja, nikaenda kazini siku ishirini nikiwa nayo mfukoni. Kila siku nilipita mlangoni kwa Bi Mishi, na kila siku alinikaribisha chai. Nilikunywa chai yake, Kadii. Nilikaa kwenye kiti chake nikamsikia akisema, "Mulungu wako akulipe, Kiponda, wewe ndiye uliyesimama nami." Siku ya ishirini na moja nilikirudisha kikombe kikiwa kimejaa.

Kisha kuna jambo jingine lililonifunga mkono. Uliyoandika wewe, niliyaandika mimi kwanza. Kijia kile nilikitaja mimi. Nilitaka barua iwe ndefu, iwe na habari, usione upweke. Nikauza mtoto wa jirani kwa ajili ya mazungumzo.

Basi nilimwambia. Nilimsomea barua yako yote, tangu shikamoo mpaka jina lako. Alikuwa anasonga unga wa mahamri. Hakuacha kusonga. Nilipomaliza aliniuliza jambo moja tu.

"Kadii aliliandika jina la Saad kwa mkono wake?"

Nikasema, "Ndiyo."

Akafunika unga, akanawa mikono, akaketi. Halafu akasema, "Basi na aliandike tena, mahali jaji atakapolisoma."

Nilimpeleka kwa Pamela siku hiyo hiyo. Wakili anasema kesi yetu inakufa. Wanajibu kila mara kwamba hawana mtu huyo, hawajapata kumsikia, na sisi hatuna karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba wanamjua. Wewe unayo. Ile nakala yenye sahihi ya mkuu wako. Anasema uandike kwa kiapo siku uliyoripoti, uliyemkabidhi, na ulichoambiwa.

Anasema pia nikueleze kwamba huenda ukafukuzwa kazi, au ukashtakiwa kwa kutoa siri. Na mimi naongeza langu: unalala kambi moja na hao watu wenye bunduki, mbali na kwenu. Sijui nikuombe nini. Bi Mishi ameomba. Mimi nimekuletea tu maneno yake.

Kuwa mwangalifu. Hawe wako anasema mwangalifu mara mbili.

Baba yako,
Kiponda


Lamu,
8 Novemba 2024

Kwa baba yangu,

Shikamoo baba. Poleni kwa homa ya hawe. Barua yako niliusoma mwanzo wake mara nyingi kabla ya kuendelea.

Naandika kutoka Lamu. Niliteremshwa kwa matibabu ya malaria, siku mbili, na ni malaria ya kweli, sikudanganya. Nilitoka hospitali nikiwa bado na sindano ya dripu mkononi, nikamtafuta wakili anayeapisha. Mzee mmoja mwenye ofisi juu ya duka la vitambaa. Alisoma nilichoandika, akavua miwani, akaniuliza, "Binti, umelazimishwa?" Nikasema hapana. "Umelipwa?" Hapana. "Basi unaumwa." Nikasema ndiyo, malaria. Akacheka peke yake, akapiga muhuri.

Katika bahasha hii kuna hati ya kiapo na nakala ya ripoti. Nimeandika kila kitu. Nimeandika kwamba niliogopa. Nimeandika pia habari za Mwikali, maana sitaki jaji adhani nilimripoti kijana wa watu kwa chuki. Sikumtaja mtu yeyote nisiyemjua. Nimetaja jina langu, namba yangu ya kazi, na yule aliyetia sahihi.

Ngowa akishakukabidhi hati hizi, usimpe yeye tena wala mtu mwingine yeyote. Zimpe Pamela mkono kwa mkono.

Kesho narudi kambini. Nilifikiria nisirudi. Lakini nikitoroka, watasema maneno yangu ni ya mtoro, na hakuna atakayeyasoma. Mkuu atajua siku hati itakaposomwa mahakamani. Nimehesabu, nina kama wiki tatu za kuishi kama kawaida.

Naogopa, baba. Si wale wa ng'ambo tu ninaowaogopa sasa. Nikitoka kwenda chooni namwomba mtu anisindikize.

Mwambie Bi Mishi nimeliandika tena. Muulize kama naweza kuja kwake siku nikipata ruhusa. Usimlazimishe jibu.

Mwanao,
Kadii


Gongoni,
5 Desemba 2024

Kwa mwanangu Kadii,

Hujambo mwanangu? Nijibu hilo kabla ya yote. Ngowa ameahidi kunipigia simu akifika sehemu yenye mtandao, aniambie kama amekuona kwa macho yake, si kwa kusimuliwa. Pamela amemwandikia mkubwa wa wakubwa wenu huko Nairobi kwamba wewe ni shahidi wa mahakama, na kwamba lolote likikupata wao ndio watakaoulizwa. Amesema barua hiyo isambae ofisi nyingi iwezekanavyo. Ihifadhi nakala niliyokuwekea humu.

Saad yu hai.

Ijumaa iliyopita hati yako ilisomwa. Yule wakili wa serikali alisimama kama kawaida akasema hawamjui mtu huyo. Jaji, mama mmoja mwembamba asiyepandisha sauti, akamwonyesha ripoti yako. "Hii sahihi ni ya nani?" Akasema hana maelekezo. "Ofisi hii ilipokea jina lake tarehe kumi na nne Agosti. Wiki mbili baadaye akachukuliwa kwenye njia iliyoandikwa humu. Nawe unaniambia hamjapata kumsikia?" Jaji akaamuru aliyetia sahihi aje mwenyewe Jumanne, aeleze ripoti ilikwenda kwa nani.

Jumanne huyo bwana hakuja. Aliletwa Saad.

Alipita mlango wa pembeni kati ya watu wawili. Ningempita barabarani nisimtambue. Nywele zimeota mvi hapa mbele, na mkono wa kushoto umeunga vibaya, hauendi juu. Watu waliinuka. Bi Mishi hakuinuka wala hakulia. Alimwita tu, kwa sauti ya kumwita mtoto aje ale, "Saad." Kijana akageuka.

Jaji alimuuliza alikuwa wapi. Akasema hajui, chumba hakikuwa na dirisha. Akamuuliza kama ni kweli alivuka mpaka. Pamela alitaka kumzuia, lakini alikwisha kujibu. "Ni kweli. Nilidanganywa kwenda, lakini nilikaa. Nilipika, nikabeba masanduku. Nilijua kilichokuwa ndani ya masanduku." Nilimtazama Bi Mishi. Alifumba macho. Nami nikamkumbuka rafiki yako, nikashindwa kujua moyo wangu uelekee wapi.

Hakuachiliwa. Jaji ameamuru awekwe kituo kinachojulikana, jina lake kwenye daftari, daktari amwone, mama yake na wakili waruhusiwe kila wiki. Maombi yake ya msamaha yatasikilizwa tarehe kumi na nne Januari. Pamela anasema anaweza kufungwa, anaweza kusamehewa, haahidi. Jana Bi Mishi alimpelekea wali. Alisimama pale mezani mpaka askari akamwonyesha jina lilipoandikwa, akaliwekea kidole.

Sasa lile uliloniambia nimuulize. Nilimuuliza tukirudi kutoka Malindi. Tulikuwa tumefika Mambrui kabla hajanijibu.

"Mwambie nimeshukuru," alisema. "Bila mkono wake mwanangu angeoza huko. Na mwambie asije mlangoni kwangu. Bila mkono wake mwanangu asingekuwa huko." Akaniambia, "Usipunguze, Kiponda. Mwambie yote mawili."

Nimekuandikia yote mawili.

Baba yako,
Kiponda